Indianapolis Raceway Park: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwanja uliolishwa na mbio za dragi

Watu wakisikia "Indianapolis" na "mbio za magari" kwa pamoja, maswali huwa yaleyale, na mengi huanza kwa kuchanganya viwanja viwili. Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa kila mara, pamoja na machache ambayo natamani watu wangeyauliza zaidi.

Huu ndio uwanja wa Indy 500?

Sio. Indy 500, mbio maarufu za maili 500, hufanyika Indianapolis Motor Speedway, uwanja uliofunguliwa mwaka 1909, ambamo magari huzunguka mara 200. Tunaouzungumzia hapa ni Indianapolis Raceway Park, uliopo magharibi mwa jiji, upande wa Brownsburg, jimbo la Indiana nchini Marekani. Ni mdogo kwa mwenzake kwa nusu karne: mbio zake za kwanza zilifanyika mwaka 1960. Majina yanafanana na umbali kati yao ni mfupi, kwa hiyo anayekosea asichekwe.

Ndani ya Raceway Park mna njia tatu. Kuna njia iliyonyooka ya dragi, kuna mviringo wa lami wenye urefu wa kilomita 1.1, na kuna barabara ya kona yenye urefu wa kilomita 4. Hiyo ya dragi ndiyo yenye jina, ingawa haikuwa ndiyo iliyowaleta wenye fedha mezani. Tutalifikia hilo.

Dragi ni mbio gani hasa?

Magari mawili, njia mbili zilizolala sambamba, kona hakuna. Yanaanza yakiwa yamesimama tuli. Anayefika mwisho kwanza anaendelea na raundi inayofuata. Aliyeshindwa anapakia gari kwenye lori na kurudi kwao. Hivyo hivyo mpaka wabaki wawili. Umbali wa asili ni robo maili, yaani mita 402.

Mtu aliyekulia kwenye Safari Rally, ambako gari linakula vumbi na mawe siku nzima na wewe unalisubiri kando ya barabara na chupa ya chai, huuliza: ndiyo basi? Sekunde nne, na watu wanalipa kiingilio? Ndiyo basi. Lakini angalia kinachotokea ndani ya sekunde hizo. Gari la daraja la juu, linaloitwa Top Fuel, lina injini inayokadiriwa kutoa nguvu za farasi zaidi ya 11,000. Linavuka kilomita 160 kwa saa kabla sekunde ya kwanza haijaisha, na mwishoni linaweza kuzidi kilomita 530 kwa saa. Breki peke yake hazitoshi kulisimamisha. Dereva hufungua maparachuti mawili nyuma.

Madaraja ni mengi. Top Fuel ni yale marefu membamba kama mshale, magurudumu ya mbele madogo kama ya baiskeli. Funny Car ina injini ya aina hiyohiyo lakini imefunikwa bodi moja nzima inayoinuliwa kama kifuniko cha sufuria. Pro Stock inafanana zaidi na gari la dukani. Pikipiki zina daraja lake. Na siku za kawaida mtu wa mtaani anaweza kuja na gari lake mwenyewe, alipie, apimwe muda.

Nani aliujenga, na alitaka nini?

Mwaka 1958 kundi la watu 15 wa eneo la Indianapolis, wafanyabiashara na wanamichezo wa magari, walichanga fedha kuendeleza shamba la ekari 267. Miongoni mwao alikuwemo Tom Binford, ambaye baadaye alikuwa msimamizi mkuu wa Indy 500 kwa miaka mingi, na dereva Rodger Ward, aliyeishinda Indy 500 mwaka uliofuata, 1959, kisha akairudia 1962.

Hawakuja kwa ajili ya dragi. Walichotaka ni barabara ya kona 15, ya aina ile ambayo Ulaya ilikuwa imezoea na Indiana haikuwa nayo. Ila wafanyabiashara ni wafanyabiashara. Waliogopa hasara, wakashauriana na NHRA, chama kinachosimamia mbio za dragi Marekani, na sehemu ndefu iliyonyooka ya barabara yao ikapimwa na kujengwa ili itumike pia kwa dragi. Ni kama mwenye nyumba anayefungua kiduka ukutani: wapangaji wakichelewa kupatikana, duka litanunua unga.

Kiduka kilifunguliwa kabla ya nyumba kwisha. Mbio za kwanza kabisa katika eneo hilo, mwaka 1960, zilikuwa za dragi. Mviringo ulikamilika 1961.

Kwa nini dragi ilihitaji uwanja? Si barabara zipo?

Barabara ndizo zilizokuwa tatizo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, California Kusini ilijaa vijana waliojua ufundi, waliokuwa na magari mabovu ya bei nafuu na fedha kidogo mfukoni. Walitoa mabodi, wakapunguza uzito, wakachezea injini. Wengine walikwenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani. Wengine hawakwenda mbali: walisubiri usiku, wakapangana kwenye taa za barabarani, na watu wakafa.

Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa jarida la magari, alianzisha NHRA kwa wazo rahisi: ukiwakataza wataendelea, basi wape mahali, wape kanuni, wape saa ya kupimia. Mbio za kwanza rasmi za chama zilifanyika Pomona, California, mwaka 1953. Kwingineko mahali palipopatikana kirahisi palikuwa viwanja vya ndege vilivyoachwa na jeshi. Njia ya kurukia ndege ni ndefu, imenyooka, na haina ng'ombe wala baiskeli.

Tatizo la viwanja vya ndege ni kwamba havikuwa vyao. Indianapolis walipata njia iliyochorwa kwa ajili ya dragi tangu kwenye karatasi, na hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Eti kuna neno la Kiswahili kwenye mbio hizi?

Lipo, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1954 NHRA iliwatuma watu wanne wazunguke Marekani kwa gari moja lililovuta tela lenye vifaa vya kupimia muda. Kiongozi wao, Bud Coons, alikuwa sajini wa polisi wa Pomona. Kila mji waliofika walikaa na vijana, na polisi, na wakubwa wa mji, wakawaonyesha jinsi ya kuendesha mbio bila kuua mtu. Msafara huo uliitwa Drag Safari, na baadaye ukawa Safety Safari.

Jina halikufa. Mpaka leo kikosi kinachotayarisha njia, kuzima moto na kuwatoa madereva kwenye magari yaliyopinduka kinaitwa Safety Safari. Kwa hiyo dereva wa Indiana ambaye hajawahi kusikia "shikamoo" anaokolewa na watu wenye jina letu mgongoni.

Kazi yao nyingine haionekani kwenye picha. Hunyunyizia lami na zege utomvu wa kunata, kisha huburuta tairi juu yake ili mpira ujisugue na kuacha utando. Njia ikiwa tayari inanata kweli: ukiikanyaga kwa ndala, mguu unaondoka na ndala inabaki.

U.S. Nationals zilifikaje Indianapolis?

U.S. Nationals ndizo mbio kubwa kuliko zote za NHRA, na mwanzoni zilikuwa zinahamahama. Mwaka 1955, Nationals za kwanza zilifanyika Great Bend, Kansas, kwenye uwanja wa ndege uliokuwa wa jeshi. Zikapita Kansas City, zikaenda Oklahoma City, zikakaa Detroit miaka miwili. Mwaka 1961 zikahamia Raceway Park, na hazijahama tena. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Pete Robinson kutoka Georgia, na gari dogo lililo jepesi kuliko ya wakubwa waliomdharau.

Tangu hapo, wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, ni ya Indianapolis. Dereva anaweza kuwa bingwa wa msimu na bado akajiona ana deni kama hajawahi kushinda hapo. Wenyewe wanaziita tu "the Big Go", na kila mtu anajua ni zipi.

Huo "mti wa Krismasi" ni nini?

Ni nguzo ya taa iliyosimama kati ya magari mawili mwanzoni mwa njia, nayo ilitumika kwa mara ya kwanza kwenye Nationals za 1963, hapahapa Indianapolis. Kabla ya hapo alikuwepo mtu na bendera. Alisimama katikati, akaruka juu, akapeperusha, na magari yakampita pande zote mbili. Mbali na hatari yenyewe, kulikuwa na manung'uniko yasiyokwisha: amempendelea fulani, bega lake lilicheza kabla ya mkono, dereva wa kushoto anamjua.

Taa hazina shemeji. Juu kabisa kuna vitaa vidogo vinavyoonyesha kwamba gurudumu la mbele limekata miali na gari limefika mahali pake. Chini yake kuna taa tatu za rangi ya kahawia-njano, kisha kijani, kisha nyekundu. Kwa madaraja ya juu zile tatu huwaka kwa pamoja, na kijani hufuata baada ya sekunde 0.4. Anayengoja aione kijani ndipo akanyage, ameshachelewa. Dereva mzuri anaachia kwenye ya njano, akihesabu kwamba mguu, klachi na tairi vitachukua muda ule uliobaki. Akikosea kidogo upande wa haraka, nyekundu inawaka na mbio zimekwisha kwake hata kama gari lake ni la kasi zaidi duniani.

Hapo ndipo utamu ulipo kwangu. Kuna siku gari lenye muda mbaya zaidi linashinda, kwa sababu tu dereva wake aliiwahi taa. Saa inasema mmoja alikuwa mwepesi, mstari wa mwisho unasema mwingine.

Ni kisa gani kinachosimuliwa zaidi?

Ndevu za Don Garlits. Huyu alikuwa fundi na dereva wa Florida, aliyebandikwa jina la "Big Daddy". Aliishinda Indianapolis kwa mara ya kwanza 1964, mwaka ambao NHRA ilikuwa imeondoa kabisa marufuku ya nitromethani, mafuta makali ya mbio hizi, iliyodumu tangu 1957. Lakini 1967 ulikuwa mwaka mbaya. Wapinzani wake walikuwa wameshaanza kukimbia chini ya sekunde saba, yeye bado. Akaapa kwamba hanyoi mpaka naye azishushe.

Akafika Indianapolis na ndevu zake. Kwenye fainali akapiga sekunde 6.77 na kushinda. Kabla jasho halijakauka, akarudishwa kwenye mstari wa kuanzia, akaletewa wembe na povu, akanyoa palepale mbele ya umati.

Kisa chake cha pili ni kizito zaidi, na hakikutokea hapa. Mwaka 1970, kwenye njia ya Lions huko California, gari lake lilipasuka likiondoka na kumkata sehemu ya mguu. Wakati ule dereva wa dragista, yale magari marefu membamba, aliketi nyuma ya injini, miguu ikizunguka mashine yenyewe. Akiwa anauguza jeraha alichora gari ambalo injini iko nyuma ya dereva. Wengi walikuwa wamelijaribu wazo hilo wakashindwa kuliendesha likanyooka. Yeye alilishindia Pomona mwanzoni mwa 1971, na haikupita miaka mingi magari ya injini ya mbele yakabaki kwenye makumbusho.

Na wanawake?

Shirley Muldowney alipata leseni ya Top Fuel mwaka 1973, mwanamke wa kwanza kuipata, na akawa bingwa wa msimu mara tatu: 1977, 1980 na 1982. Nationals za 1982 ndizo watu wanazozikumbuka hapa. Kwenye fainali alipangwa na Connie Kalitta, ambaye zamani alikuwa fundi wake mkuu na mwenzi wake, na walikuwa wameachana. Waandishi wa habari hawakuhitaji kutia chumvi. Muldowney alishinda.

Ukiona leo wasichana wanapita kwenye madaraja yote bila tangazo maalumu, jua kuna mtu aliyezomewa kwanza.

Ile barabara ya kona iliishia wapi?

Ilipata siku yake moja kubwa. Julai 1965 magari ya daraja la Indy yalikimbia juu yake, na kijana aliyezaliwa Italia, Mario Andretti, akapata ushindi wake wa kwanza katika daraja hilo. Yaliendelea kuja mpaka 1970, kisha basi.

Mviringo ulikuwa na bahati zaidi. Kwa miaka mingi usiku wa kuamkia Indy 500 watu walijazana hapo kutazama vigari vidogo vya midget vikigombana. Daraja la pili la NASCAR, chama kikubwa cha mbio za magari Marekani, lilikimbia hapo kuanzia 1982 hadi 2011, kisha likahamishiwa uwanja mkubwa wa Indy 500, uamuzi ambao wapenzi wengi waliulaani, kwa sababu mbio zilizokuwa za bega kwa bega zikageuka gwaride. Pikapu za NASCAR zilikuwepo kuanzia 1995, nazo zikaondoka 2011, zikarejea 2022.

Mwenye uwanja ni nani, na mbona una majina mengi?

NHRA. Iliununua mwaka 1979: njia, mviringo, kona, shamba na vyote vilivyomo. Kwa mfano wetu wa mwanzo, mpangaji wa kiduka aliinunua nyumba.

Majina ni biashara ya wadhamini. Tangu mwanzo ulikuwa Indianapolis Raceway Park. Mwaka 2006 ukachukua jina la wauza vipuri, O'Reilly. Mwaka 2011 ukachukua la watengeneza vilainishi, ukawa Lucas Oil Raceway. Mwaka 2022 jina la kale likarudishwa likiwa limefungamanishwa na la mdhamini: Lucas Oil Indianapolis Raceway Park. Wenyeji hawakuhangaika, muda wote huo walisema IRP.

Nasikia umbali umefupishwa. Kwa nini?

Juni 2008 Scott Kalitta, mtoto wa yule Connie, alifariki Englishtown, New Jersey. Injini ya Funny Car yake ililipuka karibu na mwisho, maparachuti hayakumsaidia, na gari likapita mpaka mwisho wa eneo la kusimamia. Mwanzoni mwa Julai uamuzi ulikuwa umetoka: Top Fuel na Funny Car zitakimbia futi 1,000, yaani mita 305, ili mita zilizobaki zitumike kupunguza mwendo. Ulisemekana ni wa muda. Haukurudishwa nyuma. Pro Stock na pikipiki zake bado zinakimbia robo maili kamili.

Wazee hununa. Wanasema rekodi za zamani haziwezi kulinganishwa tena na za sasa, na ni kweli. Mimi nasema heri daftari la rekodi lichanganyikiwe.

Indianapolis nayo imezika. Elmer Trett, mwendesha pikipiki ya Top Fuel aliyeheshimiwa sana, alipoteza maisha hapa kwenye Nationals za 1996.

Ni kweli watazamaji hutokwa machozi?

Kweli kabisa, na si ya huzuni. Kwenye mbio za NHRA tiketi ya kawaida inakuruhusu kuingia kwenye eneo la mafundi, jambo ambalo michezo mingi ya magari huuza ghali au hukataza. Unasimama nyuma ya kamba, hatua chache tu kutoka kwenye gari. Mafundi wamelifungua lote: vichwa vya silinda pembeni, pistoni mezani, klachi imetolewa. Kati ya raundi na raundi wana kama saa moja hivi kulijenga upya, na kila mmoja ana kazi yake, hawasemezani sana.

Kisha wanaliwasha kulijaribu. Harufu ya nitromethani iliyoungua inakuingia puani kama pilipili iliyodondokea jikoni kwenye mkaa. Macho yanachuruzika, watu wanarudi nyuma wakikohoa na kucheka. Na hapo gari linanguruma tu, halijaondoka. Likiondoka njiani, sauti huisikii kwa masikio pekee. Inakupiga kifuani, na ukuta wa jukwaa unaitikia. Vifunika masikio vinauzwa getini. Nunua, hasa kama una mtoto.

Uwanja ulifanya nini wakati wa korona?

Msimu wa 2020 ulisimama Machi. Uliporejea Julai, ulirejea Indianapolis, na kwa wiki kadhaa mbio baada ya mbio zilipangwa kwenye njia hiyohiyo, watazamaji wakiwa wachache. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: chama kina uwanja wake, na timu nyingi kubwa zina karakana Brownsburg, mwendo wa dakika chache. Mafundi walilala kwao.

Nikiwa Afrika Mashariki, nizitazame saa ngapi?

Septemba Indianapolis iko nyuma yetu kwa saa saba. Saa sita mchana yao ni saa moja jioni Dar, Mombasa na Kampala. Lubumbashi ni saa kumi na mbili, Muscat ni saa mbili usiku. Michujo huanza siku kadhaa kabla, na kwa desturi raundi za mwisho ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Fainali inaweza kuangukia usiku wa manane kwetu.

Ila angalia hali ya hewa ya Indiana kabla ya kununua bando. Tairi hizi ni laini, hazina mitaro, na njia yenye unyevu hata kidogo haikimbiliwi. Matone mawili tu yakianguka kila kitu kinasimama, na kukausha ile njia ni kazi ya saa nzima au zaidi. Nationals zenyewe zilianza hivyo: zile za 1955 mvua iliziharibu Kansas, na ilibidi washindani waliobaki wasafiri mpaka Arizona, Novemba mwaka huo, ndipo mshindi apatikane.